Kamba Ipi?

Biro ya upelelezi haikuwa na mlango tena. Maji ya ziwa yaliuvimbisha tangu mwezi wa tatu mpaka ukakataa kufunga na kufunguka, na mwishowe askari mmoja akaung'oa akaufanya kuni. Mahali pake palining'inia kipande cha turubai. Kwa hiyo yule mwanamke hakupiga hodi. Alisukuma turubai kwa bega, akaingia, akasimama katikati ya chumba huku amekumbatia sanduku lake kifuani ili lisiguse maji.

Inspekta Aline Kashindi alikuwa akipiga pasi mafaili. Kila asubuhi aliwasha makaa, akatandika karatasi zilizolowa juu ya meza, akazipitishia pasi moja moja kabla wino haujakimbia. Aliinua macho. Hakushtuka. Mwezi ule hakuna kitu kilichomshtua.

"Karibu, mama. Kiti kiko pale. Usikae upande wa kushoto, mguu mumoja umeoza."

Mwanamke hakuelewa. Alikuwa mfupi, wa miaka sitini hivi, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja, viatu mkononi na matope mpaka magotini. Alifungua sanduku, akatoa picha na karatasi mbili, akaziweka juu ya faili lililokuwa bado na joto la pasi.

Picha ilikuwa ya kijana aliyevaa jile, jaketi la kuogelea, akicheka. Aline alimjua. Jumamosi alikuwa amesimama kando ya meza ya chumba cha maiti, akaandika urefu wa kijana huyo, rangi ya nywele zake na kovu la kidevuni. Hernán, fundi mzamiaji wa kupima kina cha ziwa, raia wa Chile. Alizama Alhamisi mbele ya gati la Kalundu lililofunikwa na maji.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, yenye nembo ya kampuni iliyomwajiri. Ya pili ilikuwa ya lugha ambayo Aline hakuijua. Katika mstari wa saba wa hiyo ya pili neno moja halikuwepo. Palikuwa na nafasi tupu, na chini ya nafasi hiyo mtu alikuwa amechora kistari kwa kalamu.

Mwanamke aliweka kidole juu ya nafasi hiyo. Akasema jambo. Akalirudia polepole, kisha mara ya tatu, na mara zote kidole hakikuondoka.

Mwisho wa karatasi paliandikwa jina la mfasiri: Délice Iradukunda. Aline alimjua huyo pia. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, msichana aliyejifunza Kihispania kwa masista wa Meksiko waliokaa parokiani miaka mingi. Aline akapiga simu.

*

Délice alifika na chaki bado vidoleni. Alimsalimu mgeni kwa Kihispania, na uso wa mwanamke ukalegea kidogo, kama uso wa mtu aliyeondolewa mzigo shingoni.

"Anaitwa Remedios," Délice akasema. "Ni mama yake Hernán. Ameingia asubuhi hii kutoka Bujumbura, mwili wa mtoto uko kule. Kampuni ilimupa hii ripoti yao aitie sahihi. Minye ndio waliniita niitafsiri."

"Na hii shimo?"

"Niliiacha makusudi, afande." Délice alivuta karatasi ya Kiingereza. "Hapa wameandika kwamba dereva wa mtumbwi amekubali kuwa alikata kitu. Neno lao ni 'line'. Ni neno fupi na linabeba mengi: mstari wa daftari, foleni ya watu, laini ya simu, uzi wa ndoano, kamba ya aina yoyote. Kihispania hakiniruhusu nibebe vyote pamoja. Lazima nichague. Nikiandika *cabo de vida*, ni ile kamba iliyofunga mwili wa Hernán, basi dereva ameua. Nikiandika *cabo del ancla*, ni kamba ya nanga. Nikiandika *cable*, ni ule waya wa mashine ya kupimia. Sikuwa kwenye mtumbwi. Ningechagua kwa nini?"

"Hukuwauliza?"

"Nilimuuliza Luc, mukubwa wa kazi yao pale Kalundu. Akaniambia weka yoyote, huyo mama hata hajui kitu ya maji." Délice alifuta chaki kwenye sketi. "Nikaacha wazi."

Remedios alisema jambo, akionyesha kwa mikono kitu kirefu, kisha kifupi, kisha kinene.

"Anasema baba yake na bwana yake walikuwa wavuvi, kusini kabisa mwa Chile. Anasema kwao kamba kumi za mtumbwi zina majina kumi, kama watoto. Amepanda ndege nne. Anataka kujua tu: ipi?"

Aline aliiweka pasi kando. Alichomoa faili la Hernán kutoka kwenye fungu la mafaili makavu, akafungua ile PV, hati ya mahojiano ya dereva aliyoiandika kwa mkono wake Jumatatu jioni. Ilikuwa ya nusu ukurasa. *Swali: Ulikata kamba? Jibu: Ndiyo, nilikata. Swali: Kwa nini? Jibu: Maji yalikuwa yanavuta.* Chini yake palikuwa na alama ya kidole gumba, nzuri, isiyo na doa. Alikumbuka kwamba siku ile aliridhika nayo sana ile alama.

Hakuwa ameuliza ipi.

*

Kasho, chumba cha mahabusu, ilikuwa nyuma ya jengo, ya matofali, yenye tundu moja la hewa. Gratien Ngendakumana, dereva wa mtumbwi, alikaa juu ya gunia la mchanga, pingu mikononi. Alikuwa mtu wa Runingu, wa miaka arobaini na kitu, mkulima aliyeshuka ziwani baada ya mafuriko kumeza shamba lake la mpunga.

"Gratien. Siku ile ulikata kamba gani?"

Alimtazama kama vile ameulizwa jina la mama yake.

"Ya nanga, afande."

"Mbona Jumatatu hukusema ni ya nanga?"

"Hamukuniuliza. Minye nilijua munajua. Mutu iko chini ya maji, anavutwa, utakata nini? Utakata nanga, mutumbwi umufuate. Ningekata ya mutu? Kila muntu wa Kalundu anajua ile."

"Minye si muntu wa maji."

"Sasa ndio naona," Gratien akasema, bila dharau.

"Sema yote. Polepole."

"Mvua ilinyesha sana kule juu, mto ukaleta miti. Hernán alikuwa chini, minye nashika kamba yake. Kamba ikavutwa. Mti ulimubeba, ao maji tu, sijuwe. Ikakimbia ndani ya mikono. Nikaizungusha kwenye ubao, nikakata nanga, tukaenda naye. Kidogo tu ikalegea. Nikavuta yote. Ikaja yenyewe tu, hakuna mutu."

"Nionyeshe mikono."

Aliigeuza. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechubuka, kila kimoja kwa njia moja nyekundu iliyokatiza toka kidole cha shahada mpaka chini ya gumba, na ngozi ilikuwa imejikunja pembeni. Jumatatu Aline alikuwa ameshika gumba la mkono huu akalichovya kwenye wino. Hakuwa ameangalia kitu kingine.

"Mama yake amefika," Aline akasema.

Gratien aligeuza viganja chini. Nje mtu alikuwa akichota maji kwa kopo, akiyamwaga palepale alipoyachota.

"Atakuja kuniona?"

"Pengine."

"Afande, akija, asinione na pingu. Anione hata na kosa, ni sawa. Lakini pingu, hapana. Mutoto wake alikuwa anakula kwangu kila Siku ya Mungu. Muke wangu Spès alikuwa anamuwekea sahani yake."

"Sawa," Aline akasema. "Hatakuona na pingu."

Alilisema kwa sauti ileile ambayo angetumia kumwambia mtu kwamba mvua itanyesha.

*

Komanda Gaspard alimsikiliza akiwa amesimama. Hakupenda kukaa tangu kiti chake kianze kuota ukungu.

"Saa makumi ine na nane za kumushika hapa zinaisha leo," akasema. "Gari ya parke, biro ya mwendesha mashtaka, inakuja saa nane kumuchukua. Muntu amekubali, kidole kiko, ripoti iko. Unataka nini tena?"

"Nataka kuona mutumbwi."

"Hukuuona Jumatatu?"

"Hapana."

Gaspard alipumua kwa pua. Toka mfuko wa shati alitoa karatasi iliyokunjwa. "Unaijua hii? Majina ya wale wanaokwenda kusomea Bukavu, miezi sita. Liko lako, la pili. Basi nenda kaone mutumbwi wako, lakini saa nane uwe hapa. Na huyo muntu anatoka na pingu. Mwezi uliopita mumoja alitukimbia mbele ya gari, na ni minye nilikwenda kujieleza. Umenisikia?"

"Nimesikia, mukubwa."

Saa yake ilionyesha saa nne na robo.

*

Huko Kalundu, gati la zamani lilikuwa chini ya maji na gati jipya lilikuwa barabara. Mashua za mizigo zilifungwa kwenye nguzo za umeme. Wapagazi walipita na magunia ya sementi kichwani, maji yakiwafika mapajani, wakitukanana kwa furaha. Aline alitangulia, Délice akafuata, Remedios akaja nyuma akiwa ameshika viatu vyake juu.

Luc aliwapokea kwenye depo ya kampuni. Alikuwa mtu msafi, mwenye miwani na buti za mpira, na alimpa Remedios pole kwa Kifaransa kirefu ambacho hakikumfikia.

"Mutumbwi ndio ule," akasema. "Na kamba ndiyo ile. Mujionee."

Kwenye pua ya mtumbwi palikuwa na pete ya chuma. Kwenye pete palifungwa kipande cha kamba ya bluu, urefu wa mkono mmoja. Ncha yake ilikatwa kwa kisu, mkato wa mshazari.

"Hii ndiyo kamba iliyomufunga Hernán?"

"Hiyo. Nusu ndiyo hii, nusu ingine iko chini."

"Una uhakika?"

"Afande, kuna kamba ngapi zilizokatwa hapa?"

Remedios alikuwa tayari ameingia majini. Alifika kwenye pua ya mtumbwi, akakishika kipande kile, akakipeleka karibu na macho. Alikwaruza fundo kwa ukucha, akamwonyesha Aline kilichobaki chini ya ukucha. Kilikuwa cha kijani, chenye utelezi.

"Anasema fundo hili lina ukoga wa maji," Délice akatafsiri. "Halijafunguliwa wiki nyingi. Kamba ya mtu hufungwa asubuhi na kufunguliwa jioni. Na anasema hapa ni puani. Hakuna anayemfunga mtu puani, ukimvuta utapindua chombo. Puani hukaa nanga."

Luc alicheka kidogo. "Sasa yeye ndiye mupelelezi?"

"Nanga ya mutumbwi huu iko wapi?" Aline akauliza.

"Nanga..." Luc alitazama ndani ya mtumbwi. Hakukuwa na nanga. "Wameiba. Hapa kila kitu kinaibwa. Sikia, afande. Kuna kitu sikutaka kuongeza kwenye ripoti, kwa heshima. Hawa wawili waligombana siku moja kabla. Hapa hapa. Gratien alimupigia makelele mbele ya watu wote. Uliza yeyote."

Aline aliandika. Ugomvi, Jumatano, mbele ya watu. Aliliandika kwa herufi zilezile alizoandikia mambo mengine. Kwa muda lilionekana kuwa jambo zito: mtu aliyegombana, mwenye kisu, peke yake kwenye mtumbwi. Délice alimtazama, akangoja. Remedios hakutafsiriwa neno lile.

"Nitauliza," Aline akasema.

*

Mtu wa kuulizwa alikuwa Papa Toussaint, mwenyekiti wa wavuvi. Alikaa juu ya meza, si kwenye kiti, kwa sababu kiti kingekuwa majini, na kando yake wanawake walianika ndagala juu ya paa la kioski kilichozama nusu.

"Waligombana, ndiyo," akasema. "Minye nilisikia. Gratien alikuwa anasema, hiki chuma kimekufa, weye hushuki nacho. Ile kulabu ya kufungia kamba kwenye mukanda. Springi yake ilikuwa imekatika, wakaifunga na waya. Gratien akasema mwambie Luc alete ingine. Muzungu akacheka, akasema Luc ameahidi ya wiki ijayo. Gratien akapiga makelele kweli. Alimuita mujinga." Akamtazama Remedios. "Huyo ni nani?"

"Mama yake."

Toussaint alishuka mezani. Aliingia majini mpaka magotini, akamshika mkono kwa mikono miwili, akarudi juu. "Sasa sijui kama nilisema vibaya."

"Umesema vizuri," Délice akasema, na akamtafsiria Remedios yote, hata neno mjinga. Remedios aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayemjua anayezungumziwa.

"Papa Toussaint, nyavu zikiokota kitu cha mutu chini ya maji, munakipeleka wapi?" Aline akauliza.

"Kwangu. Ndiyo desturi ya hapa. Leo nimeokota nanga yako, kesho utaokota wavu wangu. Vitu vinakaa nyuma ya nyumba mpaka mwenyewe aje." Akakuna shingo. "Unatafuta nanga?"

"Ya kamba ya bluu."

"Wavuvi bana Ushindi walivuta moja Jumapili. Nanga yenyewe ni geabox ya lori, chuma cha gia. Hakuna mutu alikuja kuiuliza. Mwenyewe iko kwenye kasho yenu."

Ilikuwa nyuma ya nyumba yake, katikati ya pondo, mitungi na nyavu zilizochanika: geabox ya lori iliyoliwa na kutu, yenye mita kama kumi na tano za kamba ya bluu. Aline alileta ile kamba ya pete, ambayo alikuwa ameifungua na kuitia kwenye bahasha. Aliziweka ncha mbili pamoja juu ya goti. Kamba ilikuwa ya nyuzi tatu. Uzi mmoja ulikuwa mrefu kuliko nyingine upande huu, na mfupi kuliko nyingine upande ule. Mkato wa mshazari ulikaa juu ya mkato wa mshazari kama kifuniko na sufuria yake.

Akapima, akaandika, akapiga picha. Toussaint akaweka sahihi kwamba ameona. Ilikuwa saa sita kasorobo.

"Basi alisema kweli," Délice akasema. "Alikata nanga."

"Alikata nanga. Haituambii kwamba hakukata na ile ingine." Aline alifunga daftari. "Ile ingine iko wapi?"

Toussaint aliuliza rangi yake.

"Sijui."

"Njano," Toussaint akajijibu mwenyewe. "Ya njano, ina alama nyekundu kila mita. Nilikuwa naiona kila siku mikononi mwa Gratien." Alitazama juu, ng'ambo ya maji, kule ambako watu waliohamishwa na ziwa walikuwa wamejenga vibanda vya turubai juu ya mwinuko. "Afande, mutu akisema kitu hapa, atafungwa mwingine?"

"Inategemea kitu."

"Ni mama anakaanga sambusa. Hajui kitu yoyote."

*

Jina lake lilikuwa Vanessa. Kibanda chake kilisimama imara kuliko vyote vya jirani, turubai imevutwa sawasawa kama ngozi ya ngoma, na iliyoivuta ilikuwa kamba ya njano. Ilizunguka vigingi sita. Kila mita palikuwa na uzi mwekundu.

"Sikuiiba," Vanessa akasema kabla hajaulizwa. Mkono ulibaki juu ya sufuria ya mafuta. "Luc alimupa sentinele, mulinzi wa depo, aichome. Alhamisi magaribi. Sentinele ni shemeji yangu. Akaniambia mama, angalia kamba nzuri hii, mutu anasema ichomwe. Nani atachoma kamba kama hii? Kalundu hapa? Uchome kamba, mvua inakuja!"

"Umeikata?"

"Nikate kamba nzuri? Nimeizungusha tu. Urefu uliobakia nimeufunga nyuma."

Aline alihesabu. Alianza kwenye kigingi cha kwanza, akaenda akiinama, Délice akiandika. Remedios alimfuata akigusa kila uzi mwekundu kwa kidole baada yake. Alama arobaini. Ncha moja ilikuwa imechomwa kwa moto kiwandani, nyeusi na laini. Ncha ya pili ilikuwa nyuma ya kibanda, imefungwa kwenye jiwe, na pale ilikuwa bado na kulabu ya chuma. Waya mwembamba ulikuwa umezungushwa mara saba kwenye mdomo wa kulabu. Ulikuwa umefunuka. Mdomo ulikuwa wazi.

Hakuna mahali palipokatwa.

Remedios alichuchumaa mbele ya jiwe lile. Hakuigusa kulabu. Alisema neno moja, Délice hakulitafsiri, na Aline hakuuliza.

"Ninaichukua, mama," Aline akamwambia Vanessa. "Ni ushahidi."

"Na turubai?"

Toussaint alikuwa amekuja nyuma yao akihema. Alishuka mpaka kwake, akarudi na mita ishirini za kamba ya wavu, na wote watano wakafunga upya kibanda cha Vanessa, vibaya kuliko kilivyokuwa. Hiyo ilichukua nusu saa. Aline aliangalia saa yake mara mbili, lakini hakuacha kigingi kabla hakijashika.

*

Luc alisoma PV mpya akiwa amesimama mlangoni pa depo. Mara hii ilikuwa kurasa nne.

"Ulimwambia sentinele achome kamba?"

"Ilikuwa imechakaa."

"Ina alama arobaini, haina hata uzi umetoka. Kulabu ilikatika springi lini?"

"Sikumbuki."

"Gratien alikumbuka. Alipiga makelele juu yake Jumatano, weye mwenyewe umeniambia nimuulize yeyote."

Luc alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Niliomba kulabu ingine. Mara tatu. Wakaniambia ngoja. Ungekuwa minye ungeandika nini? Ungeandika ni weye?" Kisha akamgeukia Délice. "Na weye mwalimu, kampuni ilikuwa inataka kukupa kazi ya mwaka muzima. Nani ataajiri mfasiri anayeacha mashimo?"

Délice alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Aliweka karatasi ya Kihispania juu ya ukuta, akaandika *cabo del ancla* katika nafasi tupu ya mstari wa saba. Herufi hazikutosha, zikapanda juu kidogo. Akatia jina lake pembeni, na tarehe.

"Sijui," akasema. "Nitaendelea na shule."

*

Gari la parke lilifika saa nane kasoro dakika tano. Lilikuwa pikapu nyeupe yenye mabenchi mawili nyuma, na injini haikuzimwa.

Gaspard alikuwa amesoma kurasa nne. Alikuwa ameziona kamba, ya bluu na ya njano, zimewekwa kwenye magunia mawili yaliyofungwa kwa nta.

"Kazi nzuri," akasema. "Procureur wa parke atasoma, na pengine kesho ao kesho kutwa atamuachilia. Hiyo ni kazi yake. Minye siachilie mutu. Anakwenda leo, na faili yako inakwenda naye. Mulete."

Aline alimtoa Gratien. Walisimama chini ya paa, kwenye kipande cha saruji kilichokuwa bado kikavu. Hatua kumi mbele, kando ya gari, Remedios na Délice walikuwa wanangoja, migongo yao imegeuzwa, kwa sababu Aline alikuwa amewaomba wangoje hivyo.

Akatoa ufunguo.

"Inspekta," Gaspard akasema.

"Nilimupa neno, mukubwa. Mama yake asimuone na pingu."

"Minye pia nilikupa neno. Asubuhi."

"Ndiyo."

Pingu zilifunguka. Gratien hakusogea. Gaspard alinyoosha mkono kwenye meza ya zamu iliyokuwa pale, akachukua kitabu kikubwa cha watokao, akakifungua mbele yake. Palikuwa na safu ya kuandika mfungwa ametoka na pingu au bila, na safu nyingine ya jina la anayejibu kwa ajili yake. Aline aliandika *bila*. Akaandika jina lake lote, Aline Kashindi, na namba yake ya kazi.

Gaspard alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Hakuwa na hasira. Aliitandaza juu ya kitabu, akatafuta jina la pili, akalipitishia kalamu mara moja, kisha mara ya pili ili lisisomeke. Alisubiri wino ukauke kabla ya kuikunja tena.

"Bukavu watakwenda wengine," akasema.

"Ndiyo, mukubwa." Kisha Aline akaita, "Délice. Mugeuke sasa."

Gratien alitembea zile hatua kumi peke yake. Alipofika mbele ya Remedios hakujua asalimu vipi. Akatoa mikono yake, viganja juu. Mama alivitazama kimoja, kisha kingine. Akaweka kidole chake mwanzoni mwa ile njia nyekundu, akakipeleka polepole mpaka mwisho wake. Akauliza jambo.

"Anauliza," Délice akasema, "ulipoishika, ilikuwa inavuta upande gani?"

Gratien aliinua mkono, akaelekeza kusini, juu ya mapaa yaliyozama, kule barabara ya Fizi inakofuata ufuko.

"Kule. Upande wa Makobola. Mwambie nilimufuata. Nilimufuata mpaka ikalegea."

Délice alimwambia. Remedios aligeuza uso upande ule na kukaa hivyo, na dereva wa pikapu, aliyekuwa na haraka, hakupiga honi.

Kisha Gratien akapanda gari mwenyewe. Askari aliyekuja kumshika alitafuta mahali pa kumshika, akakosa, akapanda nyuma yake. Gari likageuka, likaingia majini taratibu. Kutoka chini ya paa Aline aliweza kuiona mikono yake miwili, imeshika ukingo wa pikapu, mitupu, mpaka gari lilipokata kona ya soko.